Kompyuta Ndogo na Amri za Nyumbani

Somo la leo ni la historia, lakini si historia ya watemi wala ya vita. Ni historia ya kompyuta ya kibao kimoja, yaani kompyuta nzima iliyopangwa juu ya kibao kimoja tu, kisichozidi sana kadi ya benki kwa ukubwa. Siku hizi fundi akikiunga kibao hicho na taa, pampu ya maji na kengele ya mlango, nyumba huongozwa kama meli iongozwavyo na nahodha. Tutauliza njia iliyotufikisha hapa. Tena tutauliza swali ambalo wauzaji wa vyombo hivi hawalipendi sana: anayetoa amri ndani ya nyumba ni nani, naye ameketi wapi?

Tuanze na mwaka 1965. Mwaka huo kompyuta ya kwanza ya Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha, Dar es Salaam. Iliitwa ICT 1500, nayo ilifanya hesabu za serikali. Haikutoshea mezani, seuze kiganjani. Mwaka uliofuata, 1966, katika mji wa Pittsburgh, Marekani, mhandisi wa kampuni ya Westinghouse aitwaye Jim Sutherland aliunda kompyuta ya nyumbani kwake kwa vipande vilivyokuwa vimeachwa kazini. Akaipa jina la ECHO IV. Ilijaza makabati manne, ikaongoza saa za nyumba, joto la vyumba na televisheni ya watoto. Haikuuzwa kamwe, lakini ni miongoni mwa mashine za kwanza duniani kupewa kazi ya kuongoza nyumba.

Huku kwetu mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, ila kwa kibali maalum. Televisheni nazo zilizuiwa Tanzania bara. Wako wanaoicheka amri hiyo leo. Mimi siicheki. Fedha za kigeni zilikuwa haba, bei ya mafuta ilikuwa imepanda tangu 1973, na hesabu za serikali zilizopitishwa katika mashine zilikuwa zimeleta matatizo badala ya nafuu. Mashine ilikuwa Dar es Salaam, lakini ufundi wake ulikuwa Ulaya. Ikiugua, mganga wake hupanda ndege. Hata hivyo hasara ilikuwapo. Vijana wa rika zima walisoma mpaka wakamaliza bila kuigusa kompyuta. Zuio lilianza kulegea katika miaka ya 1980, na miaka ya 1990 mashine zikaingia kwa wingi.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa watu wengi hupita bila kutazama. Kompyuta iliyoingia majumbani mwetu kwa wingi si ile yenye kioo na vitufe vya kuandikia. Ni mita ya LUKU. TANESCO ilianza kuzifunga mita hizo katika miaka ya 1990, na jina lake lenyewe linasema: Lipa Umeme Kadri Utumiavyo. Ndani ya kile kisanduku cha ukutani mna kompyuta ndogo. Unanunua umeme, unapewa tarakimu 20, unazibonyeza. Mita huzifumbua, hujua kama ni zake kweli na kama hazijawahi kutumika, kisha hufunga swichi ya ndani, taa zikawaka. Uniti zikiisha huifungua, pakawa giza. Haimwiti karani wala haimgongei jirani mlango.

Na mwaka 2024 mita hizo zilitupa somo la hesabu nchi nzima. Mtakumbuka kwamba mwaka huo ukinunua umeme ulipewa makundi matatu ya tarakimu badala ya moja, ukaambiwa uyaingize kwa zamu. Wengi walidhani ni hila. Haikuwa hila. Utaratibu wa tarakimu hizo, uliotoka Afrika Kusini na kuenea duniani, huupa kila ununuzi muhuri wa wakati, kwa kuhesabu dakika tangu tarehe 1 Januari 1993. Hesabu hiyo iliwekewa nafasi 24 tu. Chukueni bao, mtenge mashimo 24, na kila shimo ama liwe na kete moja ama liwe tupu. Njia zote za kuyapanga mashimo hayo ni 16,777,216. Gawanyeni kwa dakika 1,440 za siku moja, mtapata siku 11,650 na zaidi kidogo. Hesabuni siku hizo toka 1993, mtaangukia tarehe 24 Novemba 2024. Siku hiyo mashimo yalijaa. Mita ambayo haikuwa imepokea tarakimu za kuanzisha hesabu upya isingeweza kukubali umeme mpya. Uamuzi uliofanywa mbali, miaka thelathini na zaidi nyuma, ulibisha hodi Kirumba na Igoma.

Visiwani, ambako nyaya za TANESCO zilichelewa, amri ilikuja kwa njia ya hewa. Simu za kutuma fedha zilitangulia: M-PESA ilianza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka 2008. Mwaka 2012 kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza vyombo vya umeme wa jua nchini Kenya kwa malipo ya kidogo kidogo, na kampuni ya Off Grid Electric ikafanya biashara ya namna hiyo toka Arusha. Sanduku la M-KOPA lina laini ya simu ndani yake. Ukilipa, amri husafiri hewani na sanduku hufungua umeme, usipolipa, hulifunga. Mwaka 2016 kijiji cha Bwisya, kisiwani Ukara, kilipata mtambo wa jua wa JUMEME, wenye betri na jenereta ya akiba, na mita zinazolipiwa kabla kwa simu. Ni Bwisya hii hii ambayo karibu na gati lake kivuko MV Nyerere kilizama tarehe 20 Septemba 2018.

Sisemi kwamba vyombo hivi ni vibaya. Mvuvi wa dagaa aliyekuwa akinunua mafuta ya taa kila jioni anajua alichokipata. Lakini jibu la swali letu ni hili: taa iko Ukara, mwenye kuiamuru yuko ng'ambo ya maji.

Kibao chetu kina asili nyingine, nayo inatuhusu sana sisi wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1981 shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilitaka kuwafundisha wananchi wake kompyuta kwa njia ya vipindi, kama tunavyofanya sasa. Likachagua mashine ya kampuni ya Acorn ya mjini Cambridge, ikaitwa BBC Micro, na masomo yakatangazwa kuanzia Januari 1982. Watoto wa enzi hiyo walikua wakiichezea. Mmoja wao, Eben Upton, aliona kwamba vijana waliokuja baadaye Cambridge kusoma elimu ya kompyuta walijua kuitumia mashine tu, kuiamuru hawakujua. Yeye na wenzake wakatengeneza kibao cha bei ndogo, Raspberry Pi, kilichoanza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012 kwa dola 35. Walidhani watauza maelfu. Vimekwisha kuuzwa zaidi ya milioni 60.

Kibao peke yake hakiongozi nyumba. Kinataka programu ya kupokea habari na kutoa amri. Mwaka 2013 Paulus Schoutsen alianza kuandika programu iitwayo Home Assistant, akaiacha wazi ili kila mtu aisome na kuirekebisha. Nayo lugha ya kutumiana habari, MQTT, ni ya 1999. Ilibuniwa na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper kwa ajili ya mabomba ya mafuta ya petroli yaliyopita nyikani, ambako kila neno lililotumwa kwa setilaiti liligharimu fedha.

Wazee waliofanya kazi katika meli za ziwa watalielewa jambo hili upesi kuliko vijana. Katika meli za zamani kama Victoria, iliyoanza safari mwaka 1961, nahodha hakuteremka kuigusa injini. Alizungusha mkono wa chombo, kengele ikalia chini kwa mainjinia, na fundi akazungusha mkono wake kujibu: nimesikia. Ndivyo nyumba hii inavyokwenda. Tuseme uko kilimani Mabatini, na maji ya bomba huja kwa zamu. Kibao kidogo penye tangi hutuma habari: maji yamepungua. Kibao kikubwa, ambacho ndicho nahodha, hutuma amri: pampu iwashwe. Kibao cha pampu huwasha, kisha hujibu. Jibu hilo ndilo linalosahauliwa na wengi, na pampu huzunguka kavu hadi ikaungua.

Fundi wa kweli humjua kwa mambo mawili. Kwanza, anajua kwamba pini za kibao zina volti 3.3 tu, na umeme wa ukutani ni volti 230. Viwili hivyo havigusani. Katikati huwekwa rilei, yaani swichi inayovutwa na sumaku, hivyo amri ipite na umeme usipite. Pili, anakumbuka kwamba umeme hukatika. Kompyuta inayozimwa ghafla wakati inaandika inaweza kuharibu kadi yake ya kumbukumbu, basi huiwekea betri ndogo, na huacha swichi ya mkono ukutani ili bibi wa nyumba aweze kuwasha taa hata nahodha akilala.

Hapa jibu la swali letu hubadilika. Intaneti ikikatika, nyumba iliyoungwa hivi huendelea kufanya kazi, kwa kuwa aliyetoa amri yuko kabatini, chini ya paa lile lile. Lakini programu ni wazi kwa anayeweza kuisoma tu. Ukimwita fundi, akapanga kila kitu, akaondoka na neno la siri kichwani mwake, umehamisha nahodha kutoka Arusha hadi mtaa wa pili.

Vikundi, kabla ya somo lijalo tazameni mita zenu, mwandike katika daftari kila chombo cha nyumbani kinachopokea amri, na mbele yake jina la anayeitoa. Kwa herini.