Njia ya Sindano: Kutoka Unguja Hadi Makaburi ya Han

Mwaka 1964, miezi michache baada ya Mapinduzi, madaktari kutoka jimbo la Jiangsu, mashariki mwa China, waliwasili Unguja. Tangu hapo jimbo hilo limekuwa likipeleka timu zake katika Hospitali ya Mnazi Mmoja na Pemba, na Tanzania Bara ikaanza kupokea madaktari wa jimbo la Shandong mwaka 1968. Miongoni mwa wataalamu waliopita katika timu hizo wamo wa tiba ya sindano, akupancha.

Tiba hii husifiwa kwamba ina miaka elfu kadhaa na haijabadilika tangu enzi za wahenga. Nimeifuata njia yake kinyumenyume, kutoka kwetu hadi ilikoanzia, na nilichokiona ni tofauti: imedumu kwa sababu watu wake walithubutu kuihoji na kuirekebisha.

Njia inaanzia Jiangsu kwenyewe. Mwaka 1929, wakuu wa afya wa serikali ya China, iliyokuwa Nanjing, walijadili pendekezo la kuikomesha tiba ya jadi. Matabibu wakakusanyika Shanghai kupinga, na pendekezo likakwama. Cheng Dan'an, tabibu wa jimbo hilo, alielewa kwamba kupinga peke yake hakutoshi. Alichukua michoro ya anatomia, akazipanga upya nukta za kuchomwa, akaziondoa zile zilizokaa juu ya mishipa mikubwa ya damu, na akasisitiza sindano nyembamba badala ya zile nene zilizotumika kutumbulia majipu na kutoa damu. Mwaka 1954 akakabidhiwa chuo kipya cha tiba ya Kichina cha jimbo, ambacho leo ni chuo kikuu mjini Nanjing. Miaka 10 baadaye, jimbo hilohilo likapeleka madaktari Zanzibar. Kwa hiyo sindano nyembamba kama unywele anayochomwa mgonjwa leo inadaiwa mengi na marekebisho ya karne ya 20.

Nyuma ya hapo kuna mwaka 1822. Mfalme Daoguang aliifuta idara ya sindano katika ofisi ya matabibu wa ikulu, kwa hoja kwamba haifai kuuchoma na kuuunguza mwili wa mfalme. Sindano zikabaki mikononi mwa matabibu wa kawaida, mbali na ikulu.

Kituo kilichonigusa zaidi ni Kaifeng, mji mkuu wa enzi ya Song. Nukta za mwili zilikuwa zimeandikwa katika vitabu vilivyonakiliwa kwa mkono, na kila nakala ilikuja na makosa yake. Mwalimu mmoja aliweka nukta hapa, mwingine pale, na aliyeumia ni mgonjwa. Mfalme Renzong akamwagiza tabibu Wang Weiyi asawazishe elimu hiyo. Mwaka 1027 zikakamilika sanamu mbili za shaba nyeusi, za ukubwa wa mtu, zenye uwazi ndani na matundu kwenye kila nukta. Maandishi ya kale yanasimulia mtihani wake: sanamu ilipakwa nta kwa nje na kujazwa kimiminika ndani, kisha mwanafunzi akaambiwa achome. Akilenga sawa, kimiminika kinatoka. Akikosea, sindano haiingii. Karibu miaka 1,000 iliyopita, walimu wa Kaifeng walitaka mwanafunzi akosee kwenye shaba kabla hajamgusa mtu.

Mwisho wa njia ni makaburini. Mwaka 1968, huko Mancheng, lilifunguliwa kaburi la mwanamfalme Liu Sheng, aliyefariki mwaka 113 K.K., na ndani yake zikapatikana sindano 4 za dhahabu na 5 za fedha. Miaka mitano baadaye, Mawangdui, katika kaburi lililofungwa mwaka 168 K.K., zikatoka hati za tiba zilizoandikwa juu ya hariri. Hati hizo zinataja njia 11 mwilini na jinsi ya kuziunguza kwa majani ya jamii ya pakanga. Sindano hazitajwi. Kitabu cha Mfalme wa Manjano, kilichokusanywa katika enzi ya Han, ndicho kinachotaja njia 12, sindano na nguvu ya uhai iitwayo chi. Kinamtaka tabibu apime mapigo ya moyo na aulize kuhusu chakula, usingizi, hasira na majira ya mwaka, kwa sababu maradhi humkuta mtu mzima, si kiungo kimoja.

Kuhoji kunaendelea. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018, wa majaribio 39 na wagonjwa 20,827 wenye maumivu sugu, ulionyesha kwamba sindano hupunguza maumivu, ingawa tofauti kati yake na sindano za kuigiza ni ndogo. Nadharia ya chi haijathibitishwa na majaribio hayo, na mwenye malaria au uvimbe asicheleweshwe kufika hospitali kwa ajili ya sindano.

Sisi tuna kuumika, tuna mitishamba, tuna Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili, iliyoanza mwaka 1974, na Tanzania Bara ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002. Heshima ya kweli kwa waganga wetu ni kuyaandika wanayoyajua, kuyapima, kuyatetea yanayofaa na kuyaacha yanayodhuru. Elimu ya wazee isiyoruhusiwa kuulizwa maswali huzikwa pamoja nao.