Wamisionari wa Kisangani: maisha ya kila siku na mahitaji ya maombi

Wamisionari wa Kisangani ni mapadri, watawa, wachungaji, madaktari, wauguzi na walimu Wakristo waliotoka nchi nyingine kuja kuishi na kutumika katika mji huu wa Mto Kongo, ulio makao makuu ya mkoa wa Tshopo, na katika vijiji vya kandokando yake. Utume wao ulianza mwishoni mwa karne ya 19, mahali hapo palipojulikana kwa jina la Stanley Falls; baadaye mji uliitwa Stanleyville. Maisha yao yanafahamika zaidi kwa barua walizowaandikia waliowatuma, na ni nadra kupata barua isiyoomba kuombewa. Wakatoliki wa Kongo wamezoea kusema sala, Waprotestanti husema maombi. Kwa vyovyote, mambo yaliyoombewa ndiyo yanayoonyesha vizuri zaidi jinsi siku zao zilivyokuwa.

Jambo la kwanza lilikuwa mto. Maporomoko saba ya Boyoma huzuia meli kupanda zaidi, hivyo Kisangani ndio mwisho wa safari ya kutoka Kinshasa, umbali wa kilomita zipatazo 1,700. Mbaptisti Mwingereza George Grenfell alifika maporomokoni mwaka 1884 kwa boti ya mvuke iliyoitwa Peace. Kabla ya reli ya Matadi hadi Kinshasa kukamilika mwaka 1898, kila sanduku la dawa na kila fungu la barua lilibebwa na wapagazi kupita milimani, ndipo lipakiwe kwenye boti na kupanda mto kwa majuma mengi. Matokeo yake kwa upande wa maombi ni ya kuhuzunisha. Ombi la kumwombea mgonjwa lilipofika Ulaya, mgonjwa mwenyewe alikuwa amekwisha kupona au kuzikwa. Waliobaki nyumbani waliliombea tu, bila kujua. Homa za malaria na za mkojo mweusi ziliua wageni wengi katika miaka michache ya kwanza, na afya ilitangulia mahitaji mengine yote. Grenfell mwenyewe alifariki mwaka 1906 huko Basoko, mji ambao leo umo mkoani Tshopo.

Wakatoliki waliingia kwa Shirika la Mapadri wa Moyo Mtakatifu wa Yesu, lililoanzishwa na padri Mfaransa Léon Dehon mwaka 1878. Padri Gabriel Grison, aliyekuwa amefanya utume Ecuador kwa miaka kadhaa, alifika Stanley Falls mwaka 1897 na kuanzisha misheni ya Mtakatifu Gabrieli wakati wa Noeli ya mwaka huohuo. Mwaka 1908 aliwekwa kuwa askofu wa kwanza wa eneo hilo, na mauti yalimkuta hukohuko Kongo mwaka 1942. Ratiba ya nyumba ya misheni iliongozwa na sala: misa na tafakari alfajiri, masifu ya saa, na kipindi cha kuabudu Ekaristi, ambacho shirika hilo linakihesabu kuwa kiini cha wito wake. Saa zilizobaki zilikwenda kwenye shule, bustani, matofali, wagonjwa na safari za kutembelea vijiji vya mtoni na vya msituni.

Wabaptisti walijenga Yakusu, upande wa chini wa mto, kiasi cha kilomita 20 kutoka mjini, katikati ya miaka ya 1890. Wenyeji wa hapo ni Walokele, wavuvi na wachuuzi wa mtoni. Mmisionari aliyetaka kueleweka alihitaji Kilokele kwa ibada, Kilingala au Kiswahili kwa sokoni, na Kifaransa kwa wakubwa wa serikali. Kiswahili kilikwisha kufika na misafara ya wafanyabiashara wa pwani. Mmoja wao, Tippu Tip, alikuwa na ngome yake maporomokoni, na mwaka 1887 alikubali kuwa liwali wa mahali hapo kwa niaba ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Kuombewa kwa ajili ya lugha hakukuwa jambo dogo. Lugha nyingi za eneo hili hutofautisha maneno kwa kupanda na kushuka kwa sauti, na mhubiri aliyekosea toni aliweza kusema neno jingine kabisa mbele ya kusanyiko.

Aliyelielewa jambo hilo kuliko wengine ni mmisionari wa Kibaptisti John Carrington, aliyefika eneo hilo mwishoni mwa miaka ya 1930 na kutoa kitabu chake kuhusu ngoma zinazosema mwaka 1949. Ngoma ya mti ya Walokele ina sauti mbili, ya juu na ya chini, zinazofuata toni za lugha. Kwa kuwa maneno mengi yana toni zinazofanana, mpigaji hapigi neno peke yake; hulipanua kuwa fungu refu la maneno lisiloweza kuchanganywa na jingine. Kwa ngoma hizo watu waliitwa ibadani na shuleni, na habari za msiba au za mgeni anayekuja zilitangulia mtumbwi wake. Carrington alijifunza kuipiga kwa walimu wenyeji, na huo ni mfano mzuri wa jambo ambalo barua nyingi za kimisheni hazikulitaja vya kutosha: mgeni aliishi kwa ujuzi wa wenyeji, kuanzia wapiga kasia na wapishi hadi waalimu wa dini waliobaki na waumini yeye alipoondoka.

Yakusu ilijulikana zaidi kwa tiba. Daktari Clement Chesterman alifika mwaka 1920 na kuukuta ugonjwa wa malale ukimaliza vijiji. Alitumia dawa ya tryparsamide, yenye arseniki, iliyoponya wengi lakini iliyoweza pia kupofusha macho. Daktari mmoja hakuweza kuzunguka eneo zima, kwa hiyo hospitali ikafundisha wauguzi Wakongo na kuwapanga katika zahanati za vijijini. Stanley Browne, aliyekuwa huko kuanzia mwaka 1936 hadi 1959, aliendeleza kazi hiyo kwa wagonjwa wa ukoma waliokusanyika Yalisombo. Siku ya daktari wa misheni ilianza kwa ibada fupi pamoja na wagonjwa na mara nyingi ilimalizikia kwenye taa ya mafuta, akishona jeraha au akisubiri mtoto azaliwe.

Uchungu uliozungumzwa kwa sauti ya chini ulikuwa wa watoto. Familia nyingi za Kibaptisti ziliwaacha wana na mabinti Uingereza tangu wakiwa wadogo. Shule ya Eltham College ilipokea wavulana wa wamisionari na Walthamstow Hall wasichana. Wazazi waliweza kukaa miaka bila kuwaona. Yeyote asomaye barua zao atakuta ombi la watoto limewekwa mwishoni, kwa maneno machache.

Mmisionari wa Kongo hakuwa Mzungu tu. Apolo Kivebulaya, mwalimu wa dini kutoka Uganda, alifika Mboga, mashariki ya msitu wa Ituri, mwaka 1896. Alipigwa na kufungwa, akarudi tena. Kabla ya kufa mwaka 1933 aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, uliko msitu ambao kazi yake ilikuwa haijaumaliza. Dayosisi ya Kianglikana ya Kisangani imetokana na kanisa lililochipuka Mboga.

Mwaka 1964 hitaji lilikuwa moja: uhai. Waasi wa Simba waliuteka mji tarehe 5 Agosti, na mamia ya wageni, wamisionari wakiwemo, wakashikwa mateka. Tarehe 24 Novemba askari wa miavuli wa Ubelgiji waliposhuka, baadhi ya mateka walipigwa risasi barabarani. Miongoni mwao alikuwa Paul Carlson, daktari Mmarekani aliyekamatwa Wasolo, mbali kaskazini-magharibi. Siku hiyohiyo Hector McMillan, mmisionari kutoka Kanada, aliuawa kwenye kituo cha misheni cha Kilometa Nane. Askofu Joseph Wittebols wa Wamba aliuawa siku mbili baadaye. Shirika la Moyo Mtakatifu lilipoteza watu 28 nchini Kongo mwaka huo. Wakongo waliokufa katika uasi huo na katika kuuzima ni wengi mno kuliko wageni, na makanisa yao yaliendelea kusali bila mmisionari yeyote.

Wamisionari walirudi, lakini uongozi haukuwa tena wao. Augustin Fataki alikuwa Askofu Mkuu wa Kisangani kuanzia mwaka 1967, na mwaka 1970 makanisa ya Kiprotestanti yaliunganishwa katika Kanisa la Kristo la nchi hiyo. Vita viliurudia mji, hasa kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana katikati ya mitaa ya raia.

Leo mgeni anayetumika Kisangani anaweza kufika kwa ndege kupitia uwanja wa Bangoka. Hula lituma (ndizi zilizotwangwa), pondu (majani ya muhogo) na samaki wa mtoni, huzunguka kwa pikipiki au kwa toleka, baiskeli ya abiria, na hupanga kazi kufuatana na umeme unaokatika. Ombi lake hufika kwa simu dakika ileile: kibali cha kukaa, malaria, fedha za mradi, barabara iliyokatwa na mvua, upweke, maelewano na askofu au mchungaji Mkongo aliye mkuu wake. Sala pia huenda upande wa pili. Tarehe 26 Novemba, siku aliyouawa Wittebols, nyumba za shirika lake, la Moyo Mtakatifu, duniani huwakumbuka wenzao waliokufa kwa ajili ya imani. Tarehe 1 Desemba Wakatoliki wa Kongo humwadhimisha Sista Anuarite Nengapeta, aliyeuawa Isiro mwaka uleule wa 1964 na kutangazwa mwenye heri mwaka 1985.