Ukoo, Damu na Jeni: Elimu ya Urithi katika Tiba ya Meru na Embu

Elimu ya jenomu, yaani elimu inayochunguza jumla ya maagizo ya urithi yaliyomo ndani ya seli za kiumbe, huchukuliwa mara nyingi kuwa jambo la maabara za miji mikubwa na la karne ya 21. Hata hivyo, katika miteremko ya mashariki na kusini-mashariki ya Mlima Kenya, wanakoishi Wameru na Waembu, swali la nani amezaliwa na nani, na la nini hupita kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, lilikuwapo kabla ya hospitali ya kwanza kujengwa, na namna lilivyojibiwa katika kila kipindi inaeleza kwa nini elimu hiyo bado haijakomaa miongoni mwa wahudumu wa afya wa eneo hilo.

Kabla ya ukoloni, elimu ya nasaba ilikuwa mikononi mwa wazee. Watu wa ukoo mmoja hawakuruhusiwa kuoana, na kwa Wameru katazo hilo lilizihusu pia koo zilizounganishwa na gichiaro, undugu wa kiapo uliohesabiwa kuwa na uzito sawa na undugu wa kuzaliwa, kiasi kwamba kuuvunja kulihofiwa kuleta maafa. Ili ndoa ikubalike, ilibidi asili ya pande zote mbili ijulikane na kutamkwa. Si sahihi kuuita utaratibu huo jenetiki, kwa kuwa gichiaro iliwafunga hata watu wasiokuwa na damu moja, na ukoo ulihesabiwa kwa upande wa baba, ilhali maradhi ya kurithi hupita kwa mama sawasawa na kwa baba, na mengine, kama ule ugonjwa wa damu kutoganda uitwao hemofilia, hubebwa hasa na wanawake na kujitokeza kwa wana wao wa kiume. Lakini utaratibu huo uliacha hazina ambayo tiba ya kisasa inaihitaji, nayo ni mazoea ya kukumbuka nasaba kwa vizazi kadhaa.

Tiba ya kizungu ilipofika haikuijali hazina hiyo. Wamisheni wa Kianglikana walianzisha kituo cha Kigari, Embu, mwaka 1910 chini ya Dkt. T. W. W. Crawford, Wamethodisti walifika Kaaga, Meru, mwaka 1912, Dkt. Clive Irvine wa misheni ya Kanisa la Skotlandi alihamia Chogoria mwaka 1922, na hospitali ya Maua ilianzishwa na Wamethodisti mwaka 1928. Vijana wa kwanza waliofunzwa katika vituo vya namna hiyo walikuwa madresa, yaani wasaidizi wa kusafisha vidonda, kufunga bendeji na kusaidia kudunga sindano, na elimu waliyopewa ilipimwa kwa mahitaji ya siku ile: buba, malaria, vidonda vya miguu na vifo vya uzazi. Katika mazingira hayo urithi haukuwa somo, wala hakuna wa kulaumiwa kwa hilo, kwa sababu hata mabingwa wa Ulaya hawakuwa wamejua bado jeni imeundwa kwa kitu gani.

Ni jambo la kutafakari, basi, kwamba mojawapo ya ugunduzi mkubwa wa jenetiki ya binadamu ulianzia kwenye safari ya kwenda mlima huohuo. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini na kulelewa Kenya, alijiunga na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford kwenda Mlima Kenya. Wenzake walipochunguza mimea na wadudu, yeye alikusanya damu za watu wa makabila mbalimbali ya Kenya. Aliona kwamba jeni ya selimundu, ugonjwa unaozipa chembe nyekundu za damu umbo la mundu, ilibebwa na zaidi ya mtu 1 kati ya 5 katika baadhi ya jamii za pwani na za kandokando ya Ziwa Victoria, lakini na chini ya asilimia 1 ya watu wa nyanda za juu zilizo katikati. Mwaka 1954 alichapisha maelezo yake: mtu aliyerithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu hukingwa kwa kiasi dhidi ya malaria kali, na kwa hiyo jeni hudumu palipo na malaria nyingi, ingawa anayeirithi kwa wazazi wote wawili huugua.

Mtawanyiko huo wa jeni ungali na somo kwa muuguzi wa Meru au Embu. Baridi ya mlima ilipunguza malaria, na hivyo ikaufanya ugonjwa wa selimundu uwe nadra kwa wenyeji, na kile kilicho nadra husahaulika upesi. Lakini watu huhama kikazi na kuoana nje ya kwao, na mtoto mwenye maumivu ya mifupa na upungufu wa damu anaweza kufikishwa katika zahanati yoyote ya mlimani, mbele ya mhudumu ambaye hajawahi kumwona mgonjwa wa namna hiyo.

Baada ya uhuru mafunzo yalipanuka. Shule za wauguzi za misheni ziliendelea Chogoria, Maua na Nkubu, Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya kikawa na kampasi Meru na Embu, na Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Kenya, kilichopata hati yake mwaka 2006, kikafundisha fani za afya. Chogoria ilionyesha jinsi maarifa yanavyoweza kuwafikia watu: uchunguzi wa mwaka 1985 ulikuta matumizi ya uzazi wa mpango katika eneo lake yakizidi mara mbili wastani wa taifa, kwa sababu huduma ilitolewa na wahudumu waliofahamika na familia, katika zahanati zilizo karibu na makazi yao.

Wakati huohuo vipimo vya jeni vilikuwa vikiingia hospitalini bila kishindo. Mtoto wa mama mwenye VVU alianza kupimwa kwa matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi, ambamo hutafutwa chembe za urithi za virusi, kwa kuwa kingamwili za mama hubaki mwilini mwa mtoto kwa miezi mingi na kupotosha kipimo cha kawaida. Mashine ya GeneXpert, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwezi Desemba 2010, husoma jeni ya kimelea cha kifua kikuu na kuonyesha kama kimekuwa sugu kwa dawa ya rifampisini. Vipimo hivyo husoma jenomu ya kimelea. Vingine husoma mabadiliko yaliyotokea ndani ya uvimbe wa saratani, ambayo kwa kawaida hayarithiwi. Na vingine husoma jenomu ya mgonjwa mwenyewe, ambayo jibu lake linawagusa ndugu zake pia. Mhudumu asiyetofautisha aina hizo tatu anaweza kutisha familia bure au kuiacha bila onyo ililostahili kulipata.

Mradi wa H3Africa, ulioendeshwa kati ya mwaka 2012 na 2022, ulijenga uwezo wa watafiti wa Afrika katika fani hii, lakini uwezo wa mtafiti haumfikii mgonjwa mpaka upite kwa muuguzi, mkunga na afisa wa kliniki. Historia ya Meru na Embu inaonyesha kwamba mafunzo hushika mizizi yanapofungamanishwa na kazi iliyopo na maarifa ambayo jamii inayo tayari. Somo la kwanza la jenomu katika vyuo vya eneo hili halihitaji mashine: ni kumfundisha mwanafunzi kuchora nasaba ya mgonjwa kwa vizazi vitatu, upande wa mama na wa baba, na kuuliza nani aliugua nini na katika umri gani, kwa ridhaa na kwa kutunza siri. Wazee waliuliza nusu ya maswali hayo kabla ya kila ndoa. Ni wajibu wa vyuo kukamilisha nusu iliyobaki.