Jinsi ya kuzuia mtetemo na mvumo wa mashine ya santuri katika nyumba za Mji wa Kale, Mombasa

Mashine ya santuri ikivuma, au sindano ikiruka kila mtu apitapo chumbani, wengi huilaumu mashine yenyewe na kwenda kutafuta nyingine. Katika nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa, mara nyingi kosa si la mashine bali ni la mahali ilipowekwa.

Jambo hili si la starehe tu. Kabla ya kaseti kushika soko, taarabu ya pwani ilihifadhiwa katika santuri, zikiwemo zile za lebo ya Mzuri iliyokuwa ya Assanand & Sons wa Mombasa. Hizo zilikuwa enzi za kina Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, na Zein l'Abdin, aliyefariki mwaka 2016. Santuri zilizosalia majumbani hazina mbadala wa haraka, na mkwaruzo unaoachwa na sindano iliyoruka haufutiki.

Sindano husoma mawimbi madogo mno yaliyochongwa katika mfuo wa santuri, mengi yakiwa membamba kuliko unywele. Haina njia ya kujua kama imesukumwa na mfuo au na sakafu. Kila msukumo huugeuza kuwa umeme. Tena, wakati wa kuchonga santuri, besi hupunguzwa ili mifuo isipanuke kupita kiasi, na amplifaya huirudisha wakati wa kupiga. Kwa kanuni iliyoanza kutumika mwaka 1954, sauti ya mitetemo 20 kwa sekunde huongezwa takriban mara 10 ikilinganishwa na ile ya mitetemo 1,000. Kwa hiyo kishindo cha mguu, tuktuk inayopita Ndia Kuu au besi ya harusi ya jirani hukuzwa pamoja na muziki.

Kuna maradhi mawili hapa, na dawa zake hazifanani. La kwanza ni mtikisiko wa sakafu, ambao huirusha sindano. La pili ni mrejeo wa sauti: spika hutikisa hewa na meza, meza huitikisa sindano, sindano hupeleka mtikisiko huo kwenye amplifaya, na spika huutoa tena kwa nguvu zaidi. Duara hilo likizidi, mvumo mzito hupanda wenyewe hadi muziki usisikike.

Kulitambua la pili ni rahisi. Chukua santuri isiyo na thamani, iweke bila kuizungusha, shusha sindano juu yake, kisha fungua sauti kwa kiwango cha kawaida. Gonga meza kwa ncha ya kidole, halafu mwambie mtu atembee chumbani. Ongeza sauti polepole. Mvumo ukianza kukua wenyewe, punguza sauti mara moja kwa kuwa unaweza kuziunguza spika. Lakini ikiwa mvumo unabaki palepale hata sindano ikiinuliwa, tatizo huenda ni la umeme. Angalia waya wa ardhi kati ya mashine na amplifaya kabla ya kuhamisha samani.

Sasa tuitazame nyumba. Nyumba nyingi za kale za mji huu zina kuta nene za matumbawe na chokaa, na sakafu za ghorofani hulala juu ya boriti za mikoko au mbao. Urefu wa boriti ndio uliofanya vyumba vingi viwe vyembamba, upana wa mita 2.5 hadi 3 hivi. Sakafu ya namna hiyo, hata ikiwa nzito, hunesa zaidi katikati, mbali na kuta zinazoibeba. Meza ya miguu minne iliyowekwa katikati ya chumba cha juu iko mahali pabaya kuliko pote.

Ukuta, kwa upande mwingine, hautikiswi kwa urahisi na hatua za mtu. Waliojenga nyumba zenye zidaka walituachia rafu bora bila kukusudia. Kidaka kilichochimbwa katika ukuta mnene hakijui kama watoto wanakimbia sakafuni. Vingi, hata hivyo, ni vidogo. Mashine ya kawaida huhitaji upana wa sentimita 45 na kina cha sentimita 35 hivi, kwa hiyo pima kwanza. Pasipo kidaka cha kutosha, rafu ya ukutani yafaa, ila plasta ya chokaa ni laini na Mji wa Kale ni eneo la uhifadhi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Si ukuta wa kutobolewa ovyo, na mpangaji aombe ruhusa. Asiyeweza kutoboa aisogeze meza hadi igusane na mguu wa ukuta unaobeba ncha za boriti.

Dawa ya kulaza mashine juu ya kitu laini huuzwa kwa maneno mengi kuliko inavyostahili. Kipimo chake ni jinsi mpira au springi inavyobonyea chini ya uzito. Ikibonyea milimita 1, mashine itanesa yenyewe mara 16 hivi kwa sekunde, na kinga itaanza kwa mitetemo iliyo juu ya 22 tu. Ikibonyea sentimita 1, itanesa mara 5 na kinga kuanzia 7. Kwa mpira hali huwa mbaya kidogo kuliko hesabu hiyo. Ndiyo maana vipande vigumu vya mpira visivyobonyea hata kidogo havisaidii besi. Tyubu ya baiskeli iliyojazwa upepo kidogo, juu yake bamba la marumaru lililobaki kwa fundi wa jikoni, hufanya kazi nzuri kwa gharama ndogo.

Lakini tahadhari: mitikisiko ya sakafu inayonesa huwa ya polepole, na kitu laini kinaweza kuikuza badala ya kuizuia. Baadhi ya mashine, kama ile ya AR iliyobuniwa na Edgar Villchur mwaka 1961, tayari zina springi ndani. Hizo zipewe rafu ngumu, nyepesi na ya ukutani, wala zisiongezewe tyubu.

Spika zisikae kabati moja na mashine. Kosa hili ni la kawaida sana, na kulirekebisha hakugharimu chochote. Zitoe pia pembeni mwa chumba, kwani besi hurundikana kwenye kona. Katika chumba cha upana wa mita 3, sauti ya mitetemo 58 hivi kwa sekunde hujengeka ukuta kwa ukuta, na mvumo mwingi unaolalamikiwa uko karibu na hapo. Kutundika mikeka au mazulia hupunguza makali ya sauti za juu, hakuigusi besi hiyo. Jaribu pia kuondoa kifuniko cha plastiki wakati wa kupiga, maana hupokea sauti kama ngozi ya ngoma.

Sawazisha mashine kwa pimamaji. Usiweke sarafu juu ya kichwa cha sindano ili isiruke. Huongeza gramu kadhaa pale ambapo watengenezaji wengi wa sasa hutaka 2 hivi, na hula mfuo. Hewa ya chumvi nayo hutia springi kutu na joto huugeuza mpira kuwa mgumu au wa kunata, kwa hiyo vikague kila mwaka.

Anayenakili santuri kwenye kompyuta azime spika kabisa na asikilize kwa hedifoni. Mrejeo usiosikika sana chumbani huingia katika nakala na hautoki tena. Afanye kazi hiyo usiku baada ya Isha, mikokoteni na tuktuk zikipungua, na watu wa nyumbani waombwe wakae hadi upande mmoja uishe.