Bei ya Sindano na Bei ya Kaburi

Serikali huuliza upesi chanjo itagharimu kiasi gani. Ni nadra kuuliza kutochanja kutagharimu kiasi gani. Vita vya Waingereza na Makaburu huko Afrika Kusini, 1899 hadi 1902, vililijibu swali hilo la pili.

Chanjo ya homa ya matumbo ilikuwapo tayari. Almroth Wright, mwalimu katika chuo cha tiba cha jeshi la Uingereza huko Netley, aliiandaa miaka michache kabla ya vita. Lakini kuchanjwa kulikuwa hiari, na sindano yenyewe ilileta homa na maumivu. Wengi wakakataa. Waliokubali hawakufika 5 katika kila askari 100.

Machi 1900 jeshi hilo liliuteka mji wa Bloemfontein. Mwisho wa mwezi, Makaburu wakiongozwa na Christiaan de Wet wakautwaa mtambo wa maji wa mji. Askari wakanywa maji machafu, hospitali zikafurika. Hadi vita vinakwisha, zaidi ya askari 57,000 walikuwa wameugua homa ya matumbo, na takriban 8,000 wamekufa kwayo. Risasi na mizinga ya adui havikuua zaidi ya hapo.

Tupige hesabu. Mgonjwa mmoja hulala wiki kadhaa. Huhitaji kitanda, muuguzi, chakula chake maalumu na nafasi melini ya kumrudisha kwao. Badala yake lazima aandikishwe mwingine, afunzwe, asafirishwe. Gharama hizi hutawanyika katika mafungu mengi ya bajeti, hivyo hakuna anayezijumlisha. Bei ya sindano hukaa katika mstari mmoja, na kila mkaguzi huiona.

Marekani ilijifunza kwa machungu yake. Mwaka 1898 askari wake zaidi ya 20,000 waliugua homa hiyo, wengi wakiwa kambini nyumbani. Mwaka 1911 ikaifanya chanjo kuwa lazima jeshini. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kati ya wanajeshi wapatao milioni 4, waliougua walikuwa takriban 1,500. Maji safi na vyoo bora vilichangia pia. Chanjo haikufanya kazi peke yake.

Ndugu msomaji, Uingereza haikukosa chanjo mwaka 1900. Ilikosa imani ya waliopaswa kuchanjwa. Bajeti inayonunua dawa bila kutenga fungu la kuwaelimisha watu haijabana matumizi. Imeahirisha deni tu, na deni hilo hulipwa makaburini.