Gari la Pinki Lililokuja na Pochi Yake



Bi harusi akitaka viatu, mtandio na pochi viende sare, wapo wanaomwona ana mambo mengi. Basi wajue kwamba kule Marekani, mwaka 1955, kampuni ya Chrysler iliuza gari zima lililokwenda sare na pochi. Liliitwa Dodge La Femme, maneno ya Kifaransa yenye maana ya mwanamke.

Mwaka 1954 Chrysler walipeleka magari mawili kwenye maonyesho: Le Comte, la kiume, na La Comtesse, la kike, la pinki na kijivu. Hilo la kike likapendwa, wakubwa wakaona hapo pana biashara. Lakini hawakuunda gari jipya. Walichukua Dodge Custom Royal Lancer, lile lile walilokuwa wakiuzia wanaume, wakalipaka pinki na nyeupe, wakabandika jina kwa herufi za dhahabu, kisha wakaongeza kama dola 143 juu ya bei.

Uzuri wenyewe ulikuwa ndani, na hapo ndipo mimi mshonaji ninapopatazama zaidi. Viti vilivikwa kitambaa cha kufumwa chenye matumba madogo ya mawaridi. Nyuma ya kiti cha dereva palikuwa na mfuko wenye koti la mvua, kofia yake na mwavuli, vyote kwa maua yale yale ya viti. Nyuma ya kiti cha pili ikakaa pochi ya ngozi ya pinki, na ndani yake poda, kibweta cha rangi ya mdomo, kitana, kipochi cha chenji, na hata kiberiti na kibweta cha sigara, astaghfirullah. Wallahi aliyepanga rangi zile alikuwa na jicho.

Mwaka 1956 rangi ikawa ya zambarau, vitu vya mvua vikabaki, pochi ikaondolewa. Mwaka 1957 gari halikuwepo tena. Wauzaji walipewa karatasi moja tu ya matangazo, na magari hayakuwekwa madukani yaonekane. Mwanamke gani atalipia pinki asiyoiona kwa macho? Husemwa wanawake hawakulitaka. Mimi naona hawakuonyeshwa.

Hata idadi haikuandikwa. La Femme lilihesabiwa kuwa pambo la nyongeza, si aina ya gari, kwa hiyo watu hukisia tu: hayakuzidi 2,500 kwa miaka yote miwili. Yanayojulikana kubaki ni kama 40 ya mwaka 1955 na 20 na kitu ya 1956.

Injini haiwasumbui sana walio nayo, maana ni ya Dodge ya kawaida. Kinachosumbua ni kitambaa. Kilifumwa kwa gari hilo tu, na gari lilipokoma nacho kikakoma, khasa kile cha 1956. Kila mshonaji anaijua shida hii: mteja anakuletea kipande amekikunja mkononi, umtafutie kama hicho, na jora lake lilikwisha zamani. Chuma kilichopondeka hunyooshwa, rangi huchanganywa upya. Ua la kufumwa likichanika, pengo lake huonekana tangu mlangoni.

Na pochi ndiyo adimu kupita vyote. Pochi hushuka na mwenyewe, ikaingia nyumbani, akaazimwa binti. Leo mtu anaweza kuwa na La Femme ya 1955 inayowaka na kutembea, na mahali pa pochi pakawa patupu.