Mchagua nazi: Jinsi Memphis ilivyomteua Thabeet na kumwacha Curry

KWA shabiki wa timu dhaifu katika ligi ya mpira wa vikapu ya Marekani, NBA, usiku wa kuteua wachezaji chipukizi huwa na uzito kuliko mechi nyingi za msimu. Timu zilizofanya vibaya hutangulizwa katika uteuzi huo, uitwao drafti, ili zipate nafasi ya kujikwamua. Kwa timu ya mji mdogo, ambayo nyota wenye majina ni nadra kuihamia kwa hiari, hiyo ndiyo njia kuu ya kujijenga upya. Ndiposa mashabiki hutumia miezi kadhaa kuwapima vijana wa vyuo vikuu.

Uteuzi wa 2009 ungali funzo kuu kuhusu ugumu wa kazi hiyo, na unawagusa wasomaji wa Afrika Mashariki kwa njia ya pekee.

Memphis Grizzlies ilikuwa imeshinda mechi 24 pekee kati ya 82 msimu huo. Isitoshe, tangu kuanzishwa kwake haikuwa imeshinda hata mechi moja ya mwondoano. Ilifuzu 2004, 2005 na 2006, ikapoteza zote 12.

Nafasi za kwanza tatu ziliamuliwa kwa bahati nasibu miongoni mwa timu 14 zilizokosa mwondoano. Sacramento Kings, iliyoshika mkia, ilikuwa na uwezekano wa asilimia 25 wa kuteua kwanza, lakini ikaangukia nafasi ya nne. Los Angeles Clippers ikapata ya kwanza na kumchukua Blake Griffin. Memphis ilikuwa ya pili.

Shabiki wa Memphis alikuwa na sababu nzuri za kumtaka Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyechezea Chuo Kikuu cha Connecticut. Ana urefu wa takriban mita 2.2. Katika msimu wake wa mwisho chuoni, alifunga wastani wa alama 13.6 kwa mechi, akadaka ribaundi 10.8 na kuzuia mitupo 4.2 ya wapinzani. Aidha, alitajwa mlinzi bora wa ligi ya Big East 2008 na 2009.

Palikuwa pia na mfano wa kutia moyo. Hakeem Olajuwon wa Nigeria, ambaye naye alijifunza mchezo huo akiwa kijana mkubwa, aliteuliwa wa kwanza na Houston Rockets mwaka 1984 na kuiongoza kutwaa ubingwa 1994 na 1995.

Hata hivyo, dalili za kutilia shaka hazikukosekana. Mnamo Februari 2009 DeJuan Blair wa Pittsburgh, aliyekuwa mfupi zaidi lakini mwenye misuli, alifunga alama 22 na kudaka ribaundi 23 mbele ya Thabeet. Urefu unaotisha vijana wa vyuo haumtishi mtu mzima aliyekomaa.

La muhimu zaidi, Memphis tayari ilikuwa na senta. Marc Gasol, raia wa Uhispania, alikuwa amemaliza msimu wake wa kwanza NBA kwa wastani wa alama 11.9. Thabeet hangepata dakika nyingi za kujifunzia uwanjani, ilhali aliyechelewa kuanza mchezo huhitaji dakika hizo kuliko mwingine yeyote.

Memphis ilimteua. Oklahoma City Thunder ikamchukua James Harden katika nafasi ya tatu, nayo Golden State Warriors ikampata Stephen Curry katika nafasi ya saba. Curry alikuwa ameongoza vyuo vyote vikuu kwa ufungaji, kwa wastani wa alama 28.6, lakini wengi waliutilia shaka mwili wake mwembamba na udogo wa chuo chake, Davidson. Baadaye alitajwa mchezaji bora wa NBA 2015 na 2016, naye Harden 2018.

Thabeet alifunga wastani wa alama 3.1 katika msimu wa kwanza. Februari 2011 Memphis ilimpeleka Houston, na akacheza mechi yake ya mwisho NBA katika msimu wa 2013-14. Mchagua nazi, wahenga walinena, hupata koroma. Lakini si haki kumlaumu kijana pekee. Hakujiteua mwenyewe, wala hakujipeleka palipokuwa na Gasol.

Kwa hivyo, anayewapima chipukizi hana budi kuuliza maswali mawili, wala si moja: nani ana kipaji kikubwa zaidi, na je, timu ina nafasi ya kukikuza? Takwimu za chuo hujibu sehemu tu ya swali la kwanza.

Memphis ilishinda mechi yake ya kwanza ya mwondoano Aprili 2011, kisha ikaiondoa San Antonio Spurs, timu iliyoongoza ukanda wa magharibi. Katikati ya kikosi hicho alisimama Gasol, senta aliyekuwemo tayari usiku ule wa Juni 2009.